Nimeazima Vitabu Mia Tatu na Kumi na Viwili

Hosteli ya wajumbe, chumba cha 14
Jumatatu, 9 Septemba, mchana

Mjomba,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, wala rafiki yangu wa dawati moja, wala daftari langu ambalo huwa naliambia kila kitu. Nakwambia wewe kwa sababu uko mbali na huuoni uso wangu. Nimemfanya mama aonekane mwizi. Mwanzoni ilikuwa bahati mbaya. Halafu nikaulizwa, nikajibu ndiyo.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua utasema naruka-ruka.

Unakumbuka mwezi wa tano, mama alipoandika mada ya huu mkutano mkuu wa wakutubi. Miaka kumi na tisa anakuja, anakaa viti vya nyuma, anasikiliza wenzake, anarudi nyumbani na mkoba wa kitambaa na kalamu sita. Mwaka huu akasema, hata mimi nina la kusema. Akaandika ukurasa mmoja na nusu kwa Kiswahili, nyuma ya fomu za zamani za maktaba, kuhusu lile daftari lake la kijani. Wewe mwenyewe umelijalidi mara mbili, unalijua: limejaa watu wasioweza kupata kadi kwa sababu hawana barua ya kuthibitisha wanapoishi. Mlinzi wa Benki Mwenye Pengo. Dada wa Ghorofa ya Pili, Anapenda Nyota. Mpagazi Mrefu, Riwaya Tu. Anawaandika hivyo hivyo, anawapa vitabu, nao wanarudisha.

Kamati ilitaka mada zote ziletwe kwa lugha ile nyingine, ya shuleni kwetu. Mama akanikabidhi mbele ya wageni. Akawaambia, "Huyu lugha zote mbili anazo kama mikono yake miwili." Nilitamani kuingia chini ya kochi.

Sasa sikiliza. Mama aliandika hivi: "Kwa miaka kumi na tisa nimeazima vitabu mia tatu na kumi na viwili bila kadi. Vitatu tu ndivyo havijarudi." Kwetu kuazima ni kutoa na ni kupokea, hakuna anayejiuliza. Lugha ile ina neno la anayetoa na neno lingine la anayechukua, na lazima uchague. Nilikuwa na mtihani wa kemia kesho yake. Nikachagua la kuchukua.

Mwezi wa sita kamati ikaleta barua pepe. Mama haisomi lugha ile zaidi ya salamu, kwa hiyo barua zake ninazijibu mimi. Waliuliza: "Je, tunaelewa sawasawa kwamba wewe mwenyewe ulichukua vitabu hivyo bila kuviandikisha?" Mjomba, hapo hapo niliona kosa langu. Lakini kurekebisha kulimaanisha kumwambia mama kwamba mkono mmoja haufanyi kazi. Nikaandika "Ndiyo", nikaweka na asante.

Leo tumefika, tumepanga foleni ya beji, tumepewa mkoba wenye kitabu cha mkutano. Ukurasa wa 47 kuna picha ya mama, ile ya kitambaa cha bluu, na chini yake, nikikutafsiria: "Nilivyochukua bila kadi: mkutubi akiri." Wamemtoa kwenye kundi la huduma kwa wasomaji wakamweka kwenye kikao kikuu cha uadilifu kazini. Mama ameona tu kwamba yuko ukumbi mkubwa. Ameubusu ukurasa.

Anazungumza Alhamisi saa tatu asubuhi. Mkurugenzi wa maktaba zote atakaa mstari wa mbele, na mama anataka kumwomba jambo moja tu: kila tawi liruhusiwe kuwa na daftari kama lile la kijani. Ndiyo maana amekuja na viatu vipya.

Nifanye nini? Simu tunatumia moja na mama anasoma kila kinachoingia, kwa hiyo namkabidhi barua hii jirani wa gari la mkate. Analeta mikate jikoni hapa kila asubuhi na kurudi huko kila alasiri. Nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Mpwa wako,
Kimya


Maktaba, chumba cha kujalidi
Jumatatu, 9 Septemba, jioni

Kimya,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Wewe mtoto! Mama yako akifunga maktaba kila jioni husema nini? "Leo nimeazima arobaini." Ulidhani hivyo arobaini anavibeba nyumbani kwa mkoba gani? Umelisikia neno hilo tangu hujaota meno, halafu siku moja ya kemia likakugeukia!

Na hiyo "ndiyo" yako. Kosa la kwanza nakusamehe, hata mimi niliwahi kujalidi kitabu cha ramani juu chini. Lakini mtu amekuuliza kwa adabu, amekufungulia mlango kabisa, wewe ukaufunga na kumshukuru!

Nina hasira pia kwa sababu ya siku niliyokuwa nayo. Mimi ni mtu wa gundi, si mtu wa watu, na mama yako ameniachia dawati. Amekuja bwana anataka "kile kitabu chekundu". Kipi? "Kilikuwa pale." Amekuja mwalimu mstaafu, amenitazama, akasema atasubiri mpaka mwenyewe arudi, akakaa kusubiri kweli mpaka tukafunga. Mtu mwingine amerudisha kitabu ambacho kurasa zake zilizolowa amezikausha kwa pasi. Anataka nimsifu.

Sasa nisikilize. Mwambie mama yako kesho. Usimwambie anapokula, usimwambie anapotafuta miwani, na usimwambie akiwa na wenzake. Vinginevyo wakati wowote ni mzuri. Sema hivi: "Mama, nilikosea neno, halafu nikadanganya." Hesabu mwenyewe, maneno matano. Hata wewe unaweza kuyatoa maneno matano.

Mjomba wako,
Gundi


Ukumbi wa mkutano, meza ya chai
Jumanne, 10 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Maktaba bado imesimama? Usimwazime mwalimu mstaafu kamusi kubwa hata akilia, anaandika pembeni.

Nakuandikia haraka. Nimemwona jirani wa mkate akishusha kreti, nikasema nisipitwe. Huku ni kelele tupu. Hebu fikiria wakutubi mia tisa, watu wanaoambiwa "shh" na kuwaambia wengine "shh" mwaka mzima, wamefungiwa pamoja siku nne. Hakuna anayemsikia mwenzake. Asubuhi wamegombania mikoba ya bure mpaka meza ikaanguka. Bibi mmoja wa chuo kikuu, miwani ya dhahabu, nimemwona kwa macho yangu anaficha kalamu kwenye soksi.

Lakini mdogo wangu, yananitokea mambo nisiyoyatarajia. Watu wananijua! Wamesoma mada yangu. Mzee mmoja mkutubi amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa sauti ya msibani, "Dada, umefanya jambo kubwa. Wengi tunalo hilo, ila hatusemi." Nikamwambia, semeni, mkiwaogopa wakubwa mtaficha mpaka lini? Mzee akatoa leso. Mwingine akaniuliza vilikuwa vitabu vya aina gani. Nikamjibu kila aina, riwaya kwa wingi, na vya magonjwa ya kuku. Akaandika! Na kwenye maonyesho, kila nikishika kitabu anakuja mtu wa meza ile kusimama pembeni yangu, ananisindikiza mpaka nikirudishe. Heshima ya ajabu. Bwana anayeuza milango inayolia mtu akitoroka na kitabu amenionyesha mashine yake nusu saa nzima, akaniuliza kama "ingenisaidia". Nikasema sisi kwetu tunaaminiana. Akacheka mpaka akakaa.

Sasa huyu mpwa wako. Ananichosha. Nimemleta aninong'oneze wanachosema, lakini tangu jana amekuwa kama kabati, ukiligonga halijibu. Watu wakinijia wakizungumza lugha yao, namwambia tafsiri. Anasema, "Wanakusalimu." Mtu amesema dakika tano nzima, ndiyo salamu? Hali vizuri, halali vizuri, na muda wote anaandika. Nadhani kuna mtu. Umri wenyewe ndio huo. Wewe anakusikiliza, hebu mwandikie mawili matatu, kwa upole, usije na sauti yako ya nyundo.

Alhamisi saa tatu niombee. Mkurugenzi amefika, nimemwona mgongo. Nikifanikiwa hata nusu tu, yule mlinzi na wenzake watapata vitabu popote watakapohamia. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaazima kwa kujificha kama nafanya ubaya. Nimechoka kujificha.

Dada yako


Chumba cha kujalidi
Jumanne, 10 Septemba, jioni

Kimya,

Mama yako ameniandikia. Amefurahi.

Anadhani wanamheshimu. Anadhani wewe una mtu. Nawe unamwambia "wanakusalimu"! Kwa hiyo sasa uongo wako una watoto na wajukuu.

Haya, na huku hali ikoje? Saa nane amekuja mjumbe wa makao makuu na bahasha. Kile kitabu cha mkutano kimesambazwa ofisi zote, na huko kuna mtu mwenye macho mazuri. Wanaagiza daftari la kijani lifungwe, nilifungie kabatini, na Ijumaa anakuja mkaguzi kuuliza habari za "vitabu vilivyochukuliwa na mkuu wa tawi". Nimesaini kwamba nimepokea. Mkono ulikuwa na gundi, karatasi ikanigandia, mjumbe akadhani nakataa kuirudisha.

Dakika kumi baadaye akaingia mlinzi wa benki. Unamjua, anavua kofia akiwa bado nje. Alikuwa anarudisha cha juzi, amekifunga kwenye gazeti kisichafuke, anataka sehemu ya pili. Nimemwambia daftari limefungwa. Akanitazama. Akauliza, "Nimekosa nini?" Nikasema hujakosa. Akasema, "Basi mama atakaporudi atanieleza." Akavaa kofia akaondoka. Sehemu ya pili iko hapa mezani kwangu, inanitazama.

Utaniuliza kwa nini mimi nisimwandikie mama yako yamalizike. Nimemwandikia. Mistari minne, nikaichana. Akiyasikia kwangu atajua kwamba binti yake aliona ni afadhali yeye aaibike mbele ya watu mia tisa kuliko kuzungumza naye. Hilo sitalibeba mimi. Nimemjibu tu kwamba nimepata barua na kwamba kamusi iko salama.

Kwa nini bado hujasema? Unamwogopa? Hajawahi kukupiga hata kwa gazeti. Nieleze, maana mimi sielewi, na usiponieleza nitakuja huko na aproni yangu.

Mjomba


Hosteli, chumba cha 14
Jumatano, 11 Septemba, mchana

Mjomba,

Shikamoo. Usije. Nimejaribu, naapa. Naandika kila kitu kama kilivyokuwa ili uone sidanganyi tena.

Jana saa kumi mama alikuwa amekaa kitandani anavivalia soksi nene vile viatu vipya, vilegee. Hali wala hatafuti miwani. Nikasema, "Mama, kuna kitu." Akaviacha viatu. Akapiga godoro kwa kiganja, njoo ukae hapa. Akasema, "Najua."

Nikasema, "Unajua?"

"Mimi ni mama yako. Hata mimi niliwahi kuwa na miaka kumi na sita. Ni nani?"

"Si mtu, mama. Ni kitabu cha mkutano."

"Anafanya kazi kwenye kitabu cha mkutano?"

"Hapana, ni ukurasa..."

"Ni hawa vijana wa uchapaji! Nimewaona wamevaa fulana za njano. Mwanangu, umri una nafasi yake, masomo yana nafasi yake." Akaendelea nusu saa, Mjomba. Ameniambia hadi habari za kijana aliyekuwa akimletea bibi maji enzi hizo, habari ambazo sikutaka kuzijua. Nikifungua mdomo anasema, "Usijitetee, sijakasirika." Mwishowe akanikumbatia akasema amefurahi tumezungumza. Tumezungumza!

Leo asubuhi nikaenda kwa katibu wa kamati. Nilisimama mbele ya meza yake mpaka akainua kichwa. Nikanong'ona. Akanionyesha choo kilipo. Nikaenda, kwa sababu nilishindwa kusema si hicho. Nikarudi, akanionyesha tena.

Nikatoka nje ya ukumbi nikakaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na vile vibanda vya vioo wanamokaa wakalimani. Mmoja wao, mama wa makamo, sauti nzuri sana, alikuwa anakula tufaha. Akaniuliza kwa lugha ile kama nimepotea. Mjomba, nikamweleza yote. Yote! Bila kukwama hata mara moja. Na hapo ndipo nikapata jibu la swali lako.

Simwogopi mama. Ila kwa lugha ya shule naweza kusema lolote, kwa sababu ni kama si mimi. Tangu darasa la kwanza mwalimu anauliza kwa lugha hiyo, "Mmeelewa?" na wote tunajibu ndiyo, hata tukiwa hatujaelewa kitu, kwa sababu anayejibu hapana anasimamishwa mpaka kengele. Ndiyo yangu kwa kamati ilikuwa hiyo hiyo. Niliitoa kama ninavyoitoa kila siku, na haikuniuma kwa sababu ilikuwa ya lugha ile. Ila nikitaka kumwambia mama kwa Kiswahili, kila neno lina uzito wake, lina sauti yangu, halitoki. Si udhuru. Umeniuliza nimekujibu.

Mkalimani alicheka kidogo aliposikia habari ya kuazima. Nilipofika kwenye "ndiyo" akaacha kucheka, akaacha na tufaha. Akasema, "Unajua kesho itakuwaje?" Nikasema mama atazungumza Kiswahili, nawe utatafsiri vizuri, kwa hiyo watu wataelewa.

"Kabla yake anazungumza mwenyekiti," akasema. "Atamtambulisha kwa lugha hii, kama ilivyoandikwa. Mwizi aliyetubu, mpigieni makofi. Na mama yako atakuwa jukwaani na hedifoni masikioni. Unadhani atakayemtafsiria ni nani? Ni mimi. Atayasikia kwa Kiswahili safi, kutoka mdomoni kwangu, watu mia tisa wakimtazama uso."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilifikiria watu watakachosikia, sikufikiria atakachosikia yeye.

Nikamwomba asitafsiri vizuri. Alikasirika kweli. "Mtoto, kazi yangu ni kusema kilichosemwa. Uliyesema kisichosemwa ni wewe."

Baadaye akanionea huruma. Akaenda kwa mwenyekiti, mimi nikabaki kwenye ngazi. Mwenyekiti ni mtu wa utaratibu. Anakubali masahihisho yasomwe kabla ya utambulisho kwa masharti mawili: mwenye mada asaini, na ayasome jukwaani aliyetafsiri. Yaani mimi. Karatasi iliyosainiwa ifike kwake saa mbili kamili asubuhi.

Kwa hiyo ni lazima mama ajue kabla ya saa mbili. Leo jioni ana kikao cha wakuu wa matawi, akirudi atakuwa amechoka. Najua unavyovuta pumzi ukisoma hapa. Naiona.

Kimya


Maktaba
Jumatano, 11 Septemba, jioni

Kimya,

"Anafanya kazi kwenye kitabu cha mkutano?" Nimecheka mpaka mwalimu mstaafu ameniambia shh. Halafu nimekasirika upya.

Mlinzi amepita tena. Hakuingia. Amechungulia dirishani aone kama mama yako amerudi.

Nimekuelewa kuhusu lugha. Sijawahi kulifikiria hilo, mimi nilisoma kwa lugha moja, na hiyo yenyewe kidogo. Lakini angalia ulivyoniandikia kurasa hizi zote. Ni Kiswahili, na ni sauti yako. Kwa mkono unaweza, mdomo ndio umegoma. Basi mimi sitaki tena barua zako. Ninazo mbili za mambo ambayo hayanihusu. Aliyepaswa kuzisoma analala kitanda cha pili, hatua mbili kutoka kwako.

Mjomba


Hosteli, chumba cha 14
Alhamisi, 12 Septemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Mjomba,

Barua yako imefika na mikate. Umesema hutaki nyingine, lakini mkono umezoea kuanza na jina lako.

Mama ameshuka kupiga pasi gauni. Pasi iko moja na kuna foleni ya wakutubi, nimeisikia kelele yao kutoka ngazini, kwa hiyo nina robo saa. Jana usiku sikusema. Alirudi akavua viatu akalala na beji shingoni. Niliivua polepole asijinyonge.

Nimeandika masahihisho. Ni mistari mitano, kwanza kwa Kiswahili:

"Ukurasa wa 47 una kosa. Mkutubi huyu hakuchukua vitabu. Aliwapa watu vitabu mia tatu na kumi na viwili, na mia tatu na tisa vimerudi. Nilikosea neno nilipotafsiri, na kamati iliponiuliza nilidanganya bila yeye kujua. Mimi ni binti yake."

Nimeyageuza kwa lugha ile. Yametoka vilevile, hakuna neno lililonishinda. Chini nimepiga mstari wa mama kusaini, na saa moja sasa hivi itafika, nami bado sina saini wala mdomo.

Nimeanza pia karatasi ya kumwandikia yeye. "Mama mpenzi" nimekata. "Mama, usikasirike" nimekata, maana ana haki ya kukasirika. Nimechana tatu. Ziko kwenye soksi zangu kama kalamu za yule bibi wa miwani ya dhahabu ambaye mama alinihadithia.

Nasikia viatu. Ni vipya, vinalia kwenye sakafu, kimoja zaidi ya kingine. Anasalimiana na mtu kwenye korido. Anacheka. Anasema, "Leo ndiyo leo."

Nimeusukuma ukurasa huu chini ya taulo. Mkono wenyewe umefanya hivyo, sikuutuma.

Nimeutoa. Nimeuweka mezani, juu ya mkoba wa mama, pamoja na karatasi ya masahihisho.

Mama. Nilianza kumwandikia mjomba lakini ni yako. Soma kuanzia juu. Ukifika pa kusaini usisaini kwanza, niulize. Kalamu hii hapa. Mimi niko kitandani, siendi chooni, siendi popote, na chochote utakachoniuliza nitakujibu kwa Kiswahili.

Umesimama mlangoni unatafuta ufunguo. Haujafungwa, mama. Sukuma tu.